Spiriti Niliyoimimina Kwenye Tangi

Naona aibu kuisimulia hii, hasa kwa kuwa mimi ni mwalimu wa kemia na hapa Ifakara kuna wazazi walionikabidhi watoto wao wakiamini najua ninachofundisha, lakini kwa vile mmeshasikia ile ya mtaani kwamba nilikuwa nimelewa, bora msikie na ya kwangu.

Wiki hiyo mvua ilikuwa imeharibu barabara, malori ya mafuta yamekwama huko njiani, na kila kituo kilikuwa na foleni ya pikipiki mpaka barabarani. Mimi na foleni hatupatani. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba nchi nyingine magari ya kawaida kabisa yanatembelea petroli iliyochanganywa na ethanoli, spiriti ile ile inayotokana na miwa, nikajiambia bonde letu limejaa miwa, tunasubiri nini? Nikamfuata Sospeta, jamaa aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na sasa anapika spiriti ya molasi, yale masalia mazito ya kutengenezea sukari, uani kwake (ya matumizi gani, sikuuliza), nikachukua dumu la lita tano, nikalimimina lote kwenye tangi la gari langu la zamani, ambalo lilikuwa na petroli kama kiasi hicho hicho. Sikupima kama ile spiriti ina maji. Sikuangalia kama mipira ya mafuta ya gari la umri ule itaistahimili. Mwanafunzi wa kidato cha tatu angeuliza, mimi sikuuliza. Gari likawaka, nikazunguka nalo mitaa ya Lumemo nikiwapungia watu mkono, nikarudi nikaliegesha.

Likakaa siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama mkwe akanipigia kutoka Michenga, ambako mke wangu Anjela alikwenda kupumzika kwa kuwa mimba yetu ya kwanza ilishafika mwezi wa tisa.

"Mkwe, uchungu umemshika," akasema. "Njoo na gari, usichelewe."

Njia nzima gari lilikuwa linakohoa na kushtukashtuka, na hapo ndipo nilipopaswa kutafuta bajaji, lakini nikasema likipata moto litakaa sawa. Nikafika, nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia huku anamwingiza Anjela kiti cha nyuma, tukageuza kuelekea hospitali.

Katikati ya majaruba ya mpunga, jua linawaka, gari likazima.

"Mbona kunanuka gongo humu?" mama mkwe akauliza.

"Ni mafuta, mama."

"Mafuta gani yananuka hivyo?"

Nikaendelea kupiga stata. (Baadaye ndipo nilipoelewa: spiriti ilikuwa na maji, ikajitenga na petroli, ikatuama chini ya tangi ambako pampu inavuta, na mpira wa mafuta karibu na injini ulikuwa umelainika ukapasuka.) Nyuma Anjela alikuwa ameng'ang'ania kiti, anahema kwa nguvu. Wanawake wawili na mzee mmoja waliokuwa wanapalilia wakaja kutusukuma. Harufu ikawafikia kabla sijafungua mdomo.

"Dereva amelewa," mmoja akasema, wala hakunong'ona. "Na mke wake yuko kwenye uchungu."

Uso ukanichoma. Badala ya kuacha na kutafuta usafiri mwingine, nikataka kuwaonyesha kwamba niko timamu, nikapiga stata tena, nikaishikilia, nikapiga tena, na cheche za stata zikawa zinaruka jirani na mpira unaovuja.

Niliposhuka kutazama, niliona majani karibu na tairi la mbele yanajikunja. Yanajikunja na kuwa meusi yenyewe, bila moshi, bila mwali. Spiriti ikiwaka juani, moto wake karibu hauonekani, na mimi kila mwaka huwaonyesha wanafunzi jambo hilo baada ya kufunga mapazia ili mwali uonekane. Sasa ulikuwa chini ya gari langu, na ndani mlikuwa na mke wangu na mtoto wangu.

"Tokeni," nikasema. "Gari linaungua."

"Linaungua wapi?" yule mzee akauliza, akitazama huku na huku kama mtu anayemsikiliza mlevi. Akanyoosha mkono kufungua boneti. Nikamsukuma kwa nguvu mpaka akaangukia mtaroni, wale wanawake wakaanza kunifokea, na mimi wakati huo nimeshafungua mlango wa nyuma namvuta Anjela, naye hawezi kunyanyuka kwa sababu uchungu ulikuwa umembana, na mama mkwe ananiangalia usoni asijue aniamini au la. Kisha akasema polepole, "Mshike miguu, mimi namshika huku."

Tulikuwa hatujafika hata tuta la pili la jaruba rangi ya boneti ilipoanza kutoa malengelenge, halafu petroli nayo ikashika, ukatoka moto wa njano na moshi mweusi. Hapo wote wakaniamini. Tulimlaza Anjela kwenye tope, akakamata shati langu akauliza kama mtoto atazaliwa pale. Nikainua kichwa kutazama barabarani kama kuna chombo kinachokuja.

Dereva mmoja wa bajaji aliona moshi kwa mbali akaja, abiria wake wakatupisha. Hospitali, mkunga alininusa mara moja akaniambia, "Baba, kaa nje. Ukilevuka utaitwa." Nikakaa kwenye benchi mbele ya watu, nimejaa tope, nanuka gongo ambayo sijawahi kuonja maishani, na kila mlango ukifunguliwa nashtuka nikidhani wanakuja kuniambia mabaya.

Alizaliwa binti, mzima, na mama yake mzima.

Yule mzee wa mtaroni nilimfuata baadaye kumwomba radhi. Mama mkwe nilimweleza siku ile ile, pale pale kwenye benchi, kila kitu tangu lile dumu, wala sikujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja kanga yake, akasema, "Mimi mambo ya magari siyajui. Ila siku nyingine ukitaka kujaribu kitu, jaribu ukiwa peke yako."

Mafuta ya kuchanganya na ethanoli yapo, yanatengenezwa na wanaojua kuondoa maji, kwa magari yanayoyaweza. Mimi nimeapa, tangi sitalitia mkono tena. Nitapanga foleni na wenzangu, hata ikifika Kivukoni kule mtoni.