Kidole Kidogo cha Muuza Bastola

Muuza bastola wa mji wa Woodward hakutosheka na macho peke yake. Kila alipotoa bastola kabatini aliifungua, akachungulia chemba ya risasi, kisha akapenyeza kidole chake kidogo kuhakikisha hamna risasi, ndipo akaikabidhi. Hata ikirudishwa papo hapo, alifanya vilevile. Twyla, muuguzi wa zamu ya usiku ambaye gari fulani lilikuwa likimfuata hadi nyumbani, alikitazama kidole hicho zaidi kuliko bastola zenyewe.

"Mpe ile ndogo ya waridi," alisema Dwight, kaka yake. "Ndiyo ya kike."

"Nyepesi vile, ikifyatuliwa itampiga teke kama punda," alijibu muuzaji. "Au utaivaa wewe, kaka? Rangi inakupendeza."

Twyla alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Muuzaji alimpa kwanza mkanda mgumu wa kubebea bastola avae kiunoni. "Bila huu, dada, utakuwa unapandisha suruali badala ya kujihami." Kisha akampa bastola ya kwanza. "Fumba macho. Mwelekezee yule kulungu aliyekaushwa pale ukutani. Haya, fumbua." Alipofumbua, ya kwanza ilikuwa imeelekea dari, ya pili dirishani. Ya tatu, nyeusi na nzito kidogo, ilitulia kwenye jicho la kulungu.

"Hebu niione," Dwight akanyoosha mkono.

Twyla hakumpa upesi. Aliifungua, akachungulia chemba, akapenyeza kidole chake kidogo, ndipo akamkabidhi.

Muuzaji alikuwa ameshafumbua mdomo kumwonya. Akaufunga, akaenda kutafuta ala ya mkandani ya kuienea ile nyeusi.