Njia Imelala

Nakumbuka Jumanne moja pale Beni, mwanangu, asubuhi, nimesimama katikati ya watu wawili wasiokuwa na lugha moja. Lakini kaa kwanza, nitakusimulia polepole. Umekuja kuniomba baraka kwa sababu kanisa linakutuma Ulaya, ukawahubirie wale waliotuhubiria sisi zamani. Nasikia umeshonewa hata suti. Vizuri, mtu asiende nchi ya watu na magoti nje. Baraka utaipata, lakini utaipata mwisho, nikishamaliza kusema.

Enzi zile za vita nilikuwa msichana wa Vulamba, hapa Butembo, na kazi yangu ilikuwa ukalimani. Alikuwapo mmisionari mmoja, Mademoiselle Greta, sisi tukimwita Mamzeli. Alifundisha kina mama Biblia na kuwapima watoto uzito. Kifaransa alikijua sana, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, na Kinande, lugha yetu ya nyumbani, hakukigusa kabisa. Kwa hiyo miaka miwili mizima alisema kwa mdomo wangu.

Nami nilijiona fundi. Mamzeli aliposema, "Nyumba zenu ni chafu, ndiyo maana watoto wanaharisha," mimi niliwaambia kina mama, "Mamzeli anawahurumia watoto, anaomba tuangalie maji." Kina mama waliposema huyu mzungu ana kiburi, nilimwambia wanashukuru kwa somo. Kila mtu alirudi nyumbani akicheka. Ulimi hauna mfupa, na wangu niliukunja nilivyotaka.

Kisha akapita mgeni mmoja aliyejua Kiswahili, akamnong'oneza Mamzeli kwamba naongeza maneno yangu. Mamzeli akakatisha somo mbele ya kina mama wote. Akaniambia kwa Kifaransa, "Masika, wewe ni tuyau. Maji yanaingia huku, yanatoka kule. Tafsiri tu. Usiongeze hata tone." Tuyau ni bomba, mwanangu, lile la kupitishia maji. Halafu akaniamuru niwatafsirie kina mama maneno hayohayo, nami nikayatafsiri, wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona. Hasira ya aibu hiyo niliibeba kifuani siku tatu, nikila nayo na kulala nayo.

Siku ya nne tukashuka Beni kwa pickup, Mamzeli, mimi na dereva wetu Kakule. Kakule alikuwa kijana mpole, mkewe Kavira ana mimba ya kwanza. Safari ilikuwa ya kwenda upande wa Mutwanga, chini ya milima, ambako watu walikuwa wanangoja ubatizo. Miaka ile barabara haikuwa na mwenyewe. Leo jeshi hili, kesho waasi wale, kesho kutwa watu ambao hata jina lao hulijui.

Kwenye uwanja wa kanisa Beni tulimkuta Muzee Kambale, mzee wa kanisa la huko tulikokuwa tunakwenda. Alikuwa amekuja kutulaki, miguu imejaa tope mpaka magotini. Kakule alikuwa nyuma ya nyumba, anatafuta mtu wa kuziba gurudumu. Mamzeli akamsalimu mzee, kisha akaniambia, "Muulize njia ikoje."

Nikamuuliza. Mzee akavua kofia.

"Mumwambie Mamzeli karibu sana," akasema. "Batu banamungoya na furaha. Njia iko. Lakini, tangu juzi, njia imelala."

Wewe umezaliwa baada ya mambo hayo, kwa hiyo nikueleze. Njia iliyo hai ina kina mama na vikapu vya mihogo, ina baiskeli, ina mbuzi wa mtu amepotea. Ukiona hakuna hata mmoja wao, ujue wenyeji wameona jambo na wamejificha. Hapo ndipo tuliposema njia imelala, na kila mtoto wa huku alijua maana yake. Waswahili wanasema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mzee hangeweza kumwambia Mamzeli wazi kwamba asije. Kwetu mgeni humfukuzi, hata nyumba ikiwa inaungua. Unamwambia moshi umekuwa mwingi, basi. Na alipokuwa akisema alinitazama mimi usoni, kwa sababu alijua nimeelewa.

Nilielewa, mwanangu. Nikamgeukia Mamzeli nikasema, "La route est calme." Njia ni tulivu.

Kwa nini? Nimejiuliza swali hilo mpaka nimelichoka. Nilijiambia kwamba ndiyo kazi ya tuyau. Yameingia huku, yametoka kule, sikuongeza tone. Moyoni nilitaka Mamzeli aone usoni mwangu kwamba kuna kitu, aniulize, "Masika, anamaanisha nini?" Nilitaka anihitaji. Angeniuliza tu, ningesema yote. Lakini alikunja mikono kifuani, akasema, "Dieu merci," yaani Mungu ashukuriwe.

Mzee akashangaa kuona furaha ile. Akaniuliza chini kwa chini, "Umemuelezea muzuri?"

"Nimemwambia vile ulisema," nikamjibu.

Mamzeli akamkaribisha apande nasi. Mzee akakataa kwa heshima: "Miye nitarudia mu mashamba, vile nilikuya." Lilikuwa onyo la pili, wazi kuliko la kwanza. Nikalitafsiri neno kwa neno, kwamba atarudi kwa kupita mashambani. Mamzeli akasema wazee wa huku wana nguvu sana.

Kakule akaja, anafuta mikono. "Masika, muzee amesema nini ju ya njia?"

Nikamwambia, "Uliza Mamzeli."

Akamuuliza, akaambiwa calme. Akaingia garini kwa sababu ya neno hilo. Njia nzima sikufungua mdomo. Kila kona nilisema moyoni, mbele ya kona ijayo nitamwambia. Hatukukutana na mtu hata mmoja, na Kakule akaanza kupunguza mwendo, akinitazama kwenye kioo. Hapo nikafungua mdomo, ikawa nimechelewa. Mti ulikuwa umelazwa barabarani. Risasi zikaja kutoka upande wa majani marefu. Kakule alifia kwenye usukani. Mamzeli alipigwa mkono. Mimi, tuyau, sikupata hata mkwaruzo.

Wiki ile ile ndege ilikuja ikamchukua Mamzeli kwao. Kabla hajaondoka aliandika karatasi kwa baraza la kanisa, kwamba mzee aliwahakikishia njia ni tulivu, na yeye mwenyewe akakataa kupanda gari. Unaona jinsi ilivyosomeka. Karatasi ilipofika Butembo, mji mzima ulishajua kwamba Muzee Kambale amewauza.

Wakamwita mbele ya baraza. Akasimama na kofia yake mkononi.

"Nilisema njia imelala," akawaambia. "Nyiye bote munayua njia ya kulala iko nini."

Wakaitikia kwa vichwa, maana walijua. Mchungaji mkuu akanigeukia. "Masika, wewe njo ulikuwa pale. Muzee alisema nini, exactement, neno kwa neno?"

Mwanangu, hapo kosa lilikuwa bado linaweza kufika mwisho wake. Neno moja tu. Lakini Kavira alikuwa amekaa mstari wa mbele na tumbo lake na nguo nyeusi, ananitazama. Nikaogopa macho yale kuliko nilivyomwogopa Mungu. Nikasema, "Alisema njia imetulia."

Mzee akaketi bila kubishana. Walimvua uzee wa kanisa, wakamtenga na Meza ya Bwana. Watu waliacha kumwamkia. Kavira alipokutana naye njiani aliuficha mkono wake nyuma.

Miezi michache baadaye nilipishana naye sokoni. Nilitaka kukwepa, akanishika kiwiko, polepole tu.

"Mutoto," akasema, "miye sina Français. Nilikupatia mudomo yangu uibebe. Uirudishe."

Nikamwahidi nitarudisha. Nilisema Kavira azae kwanza. Akazaa. Nikasema mtoto atembee kwanza. Kisha vita vikatutawanya, Mzee akakimbilia Kayna kwa jamaa zake, nikasema nitakwenda barabara ikifunguka. Barabara ilifunguka, sikwenda. Habari ya kifo chake niliisikia kwa muuza viazi. Alizikwa bila wimbo wa kanisa, kwa sababu alikufa akiwa ametengwa. Na mimi, msaliti mkubwa kuliko wote, nilikuwa Butembo, naimba kwaya.

Hapo ndipo niliposema ukweli, wakati kusema hakukuweza kumsaidia tena. Baraza likaandika mistari miwili kwenye daftari, tukafunga kwa sala. Nikaenda kwa Kavira nikapiga magoti. Nilitegemea anipige. Aliniuliza tu, "Sasa unaniambia ya nini? Ile mukono nimeikatala miaka yote. Nitaisalimia wapi?" Mpaka leo namchukia yule msichana aliyekuwa mimi, na sitaki mtu aniambie nimsamehe.

Kwa Mamzeli nikaandika barua. Akanijibu kwa upole kwamba damu ya Yesu inafunika yote, nisijisumbue. Alikosea. Mtu wetu mmoja aliyepita kanisa lao aliniambia kwamba kule bado wanahubiri habari ya mzee mweusi aliyewauza watumishi wa Mungu. Watoto wa Sunday school wanachora picha yake.

Basi nasaha zangu ni hizi. Huko uendako mgeni ni wewe, utasema kwa mdomo wa mtu. Usimfanye bomba. Ukimuuliza jambo, usiulize kama ni zuri. Muulize, "Wewe, na mtoto wako mgongoni, ungepita?" Akisita, rudi nyumbani, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Na siku ukikabidhiwa neno la mtu, nawe umekasirika, usilibebe na hasira yako. Ukikosea, sema wakati aliyeumizwa bado anasikia. Majuto ni mjukuu, na wangu amekua, naishi naye nyumba moja.

Jambo la mwisho. Kanisa unakotumwa ndilo lile la Mamzeli, nimeuliza. Ukisikia wanaisimulia ile habari, simama katikati ya ibada na suti yako. Sema aliitwa Kambale. Sema alitembea kwenye tope kuja kuwaonya, na alisema njia imelala. Wasipoelewa, waeleze mpaka waelewe.

Sasa inamisha kichwa. Nyamuhanga, Mungu aliyekuumba, akutangulie. Akupe masikio kabla ya kukupa mdomo. Na kila njia utakayopita, mwanangu, uikute ina watu, kina mama na mizigo yao, watoto wanapiga kelele, mbuzi wa mtu amepotea. Amina.