Gati na Mashine ya Kuripoti

Ukifika Kenyamonta uliza kwa Gati wa gemu. Usiulize kwa Gati tu, maana akina Gati kule wako kila boma, utazungushwa mpaka ukome. Huyu ni yule mwenye kibanda cha bati nyuma ya duka la dawa za mifugo, mwanamke mrefu mwenye mdomo mkali, ambaye hata hivyo hakuna anayemwogopa.

Miaka tisa iliyopita, alipokifungua hicho kibanda, watu walicheka wakashika mbavu. Mwanamke wa Kikurya, mwenye mume na shamba, anakaa kuwasimamia vijana wanaobonyeza pedi! Wiki nzima hakuingia mtu. Siku ya nane akaingia Wangwe, kipa wa timu ya kata, aliyekuwa akichimba dhahabu na wenzake kule Nyakunguru na alikuwa amekuja kupumzika nyumbani. Akavuta kiti, akakaa. "Haya dada Gati," akasema, "nifundishe." Wangwe alikuwa mtu ambaye akikaa mahali wengine wanakuja kukaa, na kesho yake kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Gati hakulisahau hilo hata siku moja.

Kisha, miaka mitano baadaye, shimo likaporomoka. Wangwe alitolewa akiwa hai, tunashukuru Mungu, ila kuanzia kiunoni kushuka chini mwili haukuitika tena. Akarudishwa kwa mama yake, Mama Regina, kule bondeni, nusu saa kwa mguu kutoka senta. Mikono yake ilibaki na nguvu ile ile. Basi kila Jumapili, akishatoka kanisani, Gati aliifunga mashine yake ya gemu kwenye kitenge, akateremka nayo, wakaiunganisha na tivii ndogo inayotumia sola, wakacheza mpira mpaka ng'ombe wanarudi.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu. Kifuniko kilishikwa na mpira wa tairi, na CD zake zilikuwa zimesuguliwa dawa ya meno mara nyingi hata zilinukia mnanaa. Lakini ilikuwa inawaka. Humo ndani Wangwe alikuwa ametengeneza timu yake mwenyewe, akaiita Kenyamonta, akaijaza majirani wote: mchungaji beki, Gati mshambuliaji, na golini akamweka Wangwe. Wangwe wa kwenye gemu alikuwa na miguu miwili, na alikuwa anaruka huyo, acha kabisa!

Sasa mwaka huu vijana wa senta walianza manung'uniko. Kila mahali kuna mashine mpya, dada Gati, sisi tu ndio tumebaki na hii ya enzi za mababu. Msemaji wao mkuu alikuwa Imrani, dereva wa bodaboda, kijana anayeongea kwa mikono hata akiwa barabarani. Gati mwenyewe alikuwa akitamani. Alishamwambia Wangwe kwamba mashine mpya ina sura za watu kama picha, atamtengenezea Wangwe mpya mwenye mpaka kovu lake la kidevuni. Akavuka daraja la Mto Mara mpaka Nyangoto, kwa Maftah, mfanyabiashara mwenye duka na chumba cha gemu, wakabadilishana: ya zamani ikabaki na fedha juu, mpya ikaja Kenyamonta. Hakuijaribu popote isipokuwa hapo hapo kwa Maftah, ambapo mtandao unakimbia. Hilo ndilo kosa lake, na amejilaumu vya kutosha, tusimwongezee.

Siku mbili za kwanza ilikuwa sherehe. Siku ya tatu mvua ikanyesha, mnara wa simu ukazima, na mashine ikaandika maneno kwenye kioo, ikagoma. Imrani akasogea akasoma. "Inasema tuingie mtandaoni," akatafsiri, "ili ithibitishe kwamba gemu ni yetu."

"Ni yetu si tumeinunua?" Gati akauliza.

"Ndiyo nakwambia. Inataka iulize huko kwa wenyewe kila ikiwashwa."

Hee! Kibanda kilichafuka. Mmoja akasema hajawahi kuona mwizi anayekaa na risiti mfukoni. Mwingine akaitukana mashine kwa Kikurya, tusi refu la kuanzia kwa mama mzazi, halafu akamwomba Gati radhi kwa sababu ni mtu mzima. Imrani akasema hii ni kama mtu aliyetoka kwa dhamana, kila siku lazima aende kituoni kuripoti. Jina likashika hapo hapo: mashine ya kuripoti. Mnara uliporudi wakacheka, wakawa wanampa simu mmoja wao awashe hotspoti, wanasema, "Haya mura, ipeleke ikaripoti." Senta wangeweza kuvumilia.

Lakini bondeni kwa Mama Regina hakuna mtandao. Hakuna kabisa. Ukitaka kupiga simu unapanda juu kwenye miamba. Jumapili ile Gati alifika, akaunganisha nyaya, mashine ikawaka taa yake nzuri ya bluu, kisha ikaandika yale yale. Wangwe alikuwa ameshaegemea mito, pedi iko mkononi, amenyoa ndevu kwa ajili ya hiyo siku. Akaitazama. Akaiweka pedi chini taratibu. "Si kitu, dada," akasema, na Gati akajua ni kitu.

Jumapili iliyofuata Imrani na wenzake wawili wakapanda na mashine kwenye miamba, na betri la pikipiki, na inveta, na tivii kichwani. Ikaripoti, ikafunguka, wakashangilia kama wamefunga bao. Wakaizima wateremke nayo. Kufika chini kuiwasha, ikauliza tena. Imrani alikaa kwenye majani akashika kichwa. Ndipo akatoa wazo lake: kama mashine haiteremki, basi Wangwe apande. Wao watambeba kwa machela, wako vijana wengi, si mbali.

Wangwe hakupandisha sauti. "Nilibebwa kutoka shimoni," akasema. "Mtanibeba siku ya kunizika. Katikati hapo sitabebwa kwenda kuiomba mashine." Gati alitoka nje, machozi yakimtoka waziwazi, akasimama zizini alipokuwa Mama Regina anakamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imegoma tena?"

Gati akamweleza yote, tangu mwanzo. Mama Regina alisikiliza bila kuacha kukamua, kisha akacheka. "Wewe hukununua, binti yangu. Umewekeshewa. Huyu ng'ombe unamwona? Ni wa Amos wa Tarime. Mimi namlisha, mimi namkamua, na kila Pasaka Amos anakuja kumwangalia na kuhesabu ndama. Mila yetu ndiyo hiyo, sina ugomvi nayo." Akainua kibuyu akakitazama. "Lakini ng'ombe wa Amos hajawahi kunikatalia maziwa mpaka Amos apigiwe simu."

Kesho yake asubuhi Gati alimwita Imrani, akapanda pikipiki na mashine mapajani.

"Unaipeleka ikaripoti wapi?" Imrani akauliza.

"Nairudisha."

"Dada Gati! Acha utani! Si na sisi tumeonja vitu vya kisasa jamani?"

"Mtarudi kuonja dawa ya meno. Endesha."

Imrani aliendesha, lakini mpaka darajani alikuwa ananuna. Baada ya daraja akasema, bila kugeuka, kwamba kusema kweli ile ya zamani pedi zake zilikuwa zinakaa vizuri mkononi. Gati akampiga begani kwa upendo.

Kwa Maftah kulikuwa kumejaa wachimbaji waliotoka zamu, udongo mpaka kwenye nyusi, wamezunguka tivii ya pembeni. Gati akaieleza shida yake. Maftah ni mtu mpole, lakini ni mfanyabiashara, akajikuna ndevu. "Dada yangu, mpya nitaipokea, hapa mtandao upo. Ila ile yako ya zamani, wallahi, hawa watanila nyama. Waangalie."

Gati akaangalia. Ile ile, na mpira wake wa tairi. Mpya mbili za Maftah zilikuwa wazi, hakuna mtu, na watu wazima walikuwa wanasukumana kwenye kuukuu.

"Wanagombea nini?"

"Timu moja imo humo. Sijui nani aliitengeneza. Ina kipa, huyo kipa hafungiki! Kila mtu anataka kumchezesha yeye, nimeweka foleni. Wanamwita Wangwe, ndivyo alivyoandikwa mgongoni."

Gati akasema, kwa sauti iliyosikika na wote, Wangwe ni nani, yuko wapi, na amelala kwa nini. Pedi zikashushwa. Mchimbaji mmoja wa makamo akavua kofia. "Wangwe wa shimo la Nyakunguru?" akauliza. "Yule tuliyemchimbua kwa mikono? Yuko hai?"

"Yuko hai na ana maneno mengi."

Yule mtu akaenda mwenyewe akachomoa nyaya, akaifuta mashine vumbi kwa kofia yake, akampa Gati. Maftah akamrudishia fedha alizoongeza. Akamwongezea na CD tatu juu.

Gati hakungoja Jumapili. Mchana ule ule aliteremka bondeni, akaunganisha, akabonyeza. Mashine ikakoroma, ikatetemeka, ikafunguka. Mama Regina akachungulia mlangoni na kibuyu chake.

"Imepiga simu kwa mwenyewe?"

"Haijapiga, mama. Mwenyewe yuko hapa."

"Basi kamueni," akasema, akaenda zake.

Kwenye kioo timu ya Kenyamonta ilitoka, mchungaji, Gati, wote, na yule kipa akasimama golini akirukaruka kupasha misuli. Gati akasimulia: foleni ya kwa Maftah, mchimbaji mwenye kofia, maneno yake yote bila kuacha hata moja. Wangwe alisikiliza macho yakiwa kwenye kioo. Ni miaka minne hajatoka nje ya boma la mama yake.

"Kwa hiyo siku zote hizi," akasema polepole, "nilikuwa Nyangoto."

"Ulikuwa Nyangoto."

"Na hawakunifunga."

"Wanasema hufungiki."

Wangwe akajifuta macho kwa mkono wa shati bila kuficha, akachukua pedi, akajiinua kwenye mito mpaka akakaa wima. "Umechelewa sana dada Gati," akasema. "Shika ya kwako, tuanze."