Msanifu Aliyechora Mji kwa Chokaa

Mwalimu wa hesabu alioa msanifu majengo, na tangu hapo sakafu ya nyumba yake haikupumzika. Mkewe hakuamini karatasi peke yake. Akisanifu jiko, alilichora pia sebuleni kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, halafu akamwambia mumewe, "Baba watoto, hebu jifanye unapika." Mwalimu, mtu mzima na tai yake shingoni, akasimama pale akikoroga hewa. Majirani waliochungulia dirishani walicheka mpaka wakazoea.

Mama huyu ndiye aliyepewa kusanifu katikati ya mji mkuu mpya, ambao wakati huo ulikuwa pori na vigingi vya wapimaji. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kamati ilipotaka barabara ya gwaride, pana kupita kiasi na wazi mwanzo hadi mwisho. Yeye alitaka katikati yake pawe na kisiwa cha miti na mabenchi, mwenda kwa miguu apate pa kupumulia. Mwenyekiti wa kamati akasema miti itaziba gwaride, na kama hawezi kuchora alichoambiwa, wasanifu wako tele.

Mumewe alimsihi akubali yaishe. "Utakosa mji mzima kwa ajili ya benchi?"

"Mji ambao watu hawawezi kuuvuka, nikiupata nitaufanyia nini?"

Mwalimu akaenda kubeba mifuko ya chokaa. Waliichora barabara yote pale porini, kisha kamati ikaalikwa, jua likiwa kali kwelikweli.

"Mzee, naomba uvuke," msanifu alimwambia mwenyekiti. "Ila wengi hawavuki mikono mitupu." Akamkabidhi binti yao mdogo, aliyekuwa amelala fofofo, pamoja na kikapu cha viazi.

Mwenyekiti alicheka, akaondoka kwa mwendo wa gwaride. Hakufika mbali akamhamishia mtoto bega la pili. Alipokaribia katikati alitua kikapu, akageuka huku na huku akitafuta pa kusimama.

"Sasa mtu akichoka hapa anafanyaje?" aliuliza, na alikuwa amekasirika kweli.

Msanifu alichota chokaa akamzungushia duara palepale aliposimama. Mumewe, aliyeshika ndoo, machozi yalimlengalenga kwa fahari ya kuwa na mke kama yule.

Kisiwa kikajengwa, miti ikapandwa. Siku ya ufunguzi mwenyekiti alishika kipaza sauti, akasimulia jinsi wazo la kisiwa lilivyomjia yeye mwenyewe siku moja akivuka na mjukuu wake. Watu wakampigia makofi. Mwalimu damu ikamchemka. Alikuwa ameshainuka nusu mkewe alipomvuta koti.

"Kaa, baba watoto," alinong'ona. "Ipo siku watakuja watu kutaka kuing'oa ile miti. Huyu atawafukuza mwenyewe."