Mita Moja, Nyumba Tatu

Mdogo wa marehemu mume wangu alijenga nyumba mbili ndogo nyuma ya kwangu, hapa Mlola, akawapangisha walimu. Sikumkataza, kiwanja ni cha ukoo. Ila siku moja natoka gulioni nakuta fundi amepanda ngazi ukutani kwangu. Nyaya mbili mpya zinatoka kwenye swichi kubwa iliyo chini ya mita yangu, zinapita juu ya bati kwenda huko nyuma, kila nyumba na meinswichi yake.

"Nani amekuruhusu?"

"Mwenye nyumba, mama."

"Mwenye nyumba ni mimi!"

Akacheka. Nikamwonyesha waya unaotoka kwenye mita, ule ule mwembamba niliowekewa enzi za taa nne. Utabebaje nyumba tatu? Jioni shemeji akanijibu yeye: "Shemeji, mambo ya umeme tuachie wanaume."

Baridi ilipoingia, walimu wakaanza kuchemsha maji ya kuoga kwa hita. Ubao ulioshika mita ukawa wa moto, unanuka plastiki. Nikamwambia shemeji, nikarudia. Akasema nina wivu na maendeleo yake.

Siku ya kipaimara cha binti yake waliwasha spika, friji na jiko la umeme kwa pamoja. Nikaona moshi unafuka ukutani kwangu penye mita, upande wa chumba cha mama mkwe ninayemuuguza, ambaye hawezi kusimama. Nikakimbia, nikazima swichi kubwa. Muziki ukakatika. Shemeji akaja mbio, mkono umenyooka aiwashe.

"Mtoe mama yako kwanza, ndipo uiguse!" nilimpigia kelele mbele ya mchungaji na wageni.

Akanitolea maneno ya Kishambaa ambayo sitayaandika. Mchungaji ndiye aliyemvuta pembeni na kumwonyesha: ganda la waya limeyeyuka, ubao umeungua.

Nilikataa kuwasha mpaka alipomleta fundi mwingine kutoka Lushoto mjini. Huyo alivuta waya mnene kutoka kwenye mita, akaugawa kwenye boksi, kila nyumba ikapata swichi yake inayojikata mzigo ukizidi. Shemeji alisimama pale mpaka kazi ikaisha.

Wiki iliyofuata wifi yangu alikuja, akakaa, akanywa chai yangu, kisha akasema, "Ungemwita pembeni. Umemwaibisha kaka mbele za watu. Nenda ukamwombe radhi."

Nilimuuliza kama ameshaingia chumbani kumjulia hali mama yake. Alikuwa bado.