Aliyezidiwa Ndiye Anayerusha

Juzi mtoto wa dada yangu alinitumia kwenye simu makala ya Kiingereza yenye orodha ndefu ya mambo ambayo eti huyajui kuhusu bakgamoni, mchezo wa kete na dadu, na mabingwa wake. Alidhani nitafurahi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsimulia kwamba babu yake alikuwa na mchezo huo. Sikufurahi hata kidogo. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika, nami nikawa nabishana na simu peke yangu. Maana karibu yote yaliyoandikwa mle niliyasikia nikiwa na miaka kumi, nyumbani Sekei, Arusha, huku nachambua maharage, kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemwomba aseme.

Mtu huyo alikuwa baba yangu. Kabla ya mchezo huo alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma pale mjini, mtu wa koti la kaki na kalamu mbili mfukoni. Kisha zikaja enzi za ruksa. Madukani vikajaa vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu, mitumba ikashuka kwa marobota, na mashirika yakaanza kufa moja baada ya jingine kama kuku wa kideri. Shirika la Baba nalo likafika zamu yake. Siku ya mwisho wenzake waliondoka na chochote walichoruhusiwa kuchukua: kiti, kabati, mmoja hata feni. Baba alirudi na kijisanduku cha ngozi chenye mkono wa kushikia, mfano wa brifkesi. Mtaa mzima ulimwona akipanda nacho kutoka barabarani, na jioni ile kina mama walikuja kumsalimia Mama kwa upendo ambao hatukuwahi kuuona, wakidhani mle ndani kuna kiinua mgongo.

Mama akakifungua mbele yao. Kilipofunguka chenyewe kilikuwa ubao wa kuchezea, na ndani kulikuwa na kete thelathini, nusu nyeusi na nusu rangi ya maziwa, vikombe viwili vya ngozi, dadu ndogo, na dadu moja kubwa. Mama alikifunga tena polepole, akawauliza wageni kama watakunywa chai.

Sanduku lile Baba aliachiwa na mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Wiki za mwisho, kazi ikiwa haipo, mzungu yule alimfundisha Baba kucheza wakati wa chakula cha mchana: jinsi ya kupanga kete, jinsi ya kuzikimbiza hadi nyumbani, jinsi ya kumla mwenzako akiacha kete peke yake. Alimfundisha yote isipokuwa dadu kubwa, kwa sababu ndege haikumngoja. Na humo sandukuni hakukuwa na karatasi ya kanuni. Kulikuwa na kurasa mbili tu zilizochanwa kwenye gazeti la kwenye ndege, zikisimulia habari za mabingwa.

Kwa hiyo Baba aliwajua mabingwa kabla hajaujua mchezo vizuri, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia. Ukimletea maji ya kunawa, utaambiwa kwamba mchezo huu ulichezwa na wafalme maelfu ya miaka iliyopita, na wengine walizikwa nao makaburini. Ukimwomba daftari, utaambiwa habari za bingwa mmoja aliyevaa soksi zilezile mashindano mazima, na mke wake akahamia chumba kingine cha hoteli. Kuna mwanamke aliyewashinda wanaume wote duniani akiwa na kofia yake kichwani. Kuna profesa wa hesabu aliyekuwa hasemi neno kuanzia asubuhi mpaka kombe linatolewa. Na kuna mashine, naam, mashine ya umeme, iliyomshinda bingwa wa dunia, na bingwa akalalamika kwamba dadu ziliipendelea. Hiyo ya mashine tulisimuliwa mpaka Mama akasema siku mashine hiyo itakapojifunza kuteka maji na kubeba robota lake la mitumba mpaka sokoni Kwa Mrombo, ataikaribisha ndani aiandalie mtori.

Baba mwenyewe alijitangaza bingwa wa Tanzania. Alisema hajasikia mwingine mwenye sanduku, na kama yupo ajitokeze.

Mpinzani wake alikuwa jirani yetu, Mmeru mmoja mrefu aliyewahi kuendesha lori la shirika jingine, nalo likiwa limeshakufa. Walicheza kwenye benchi lililoegemea ukuta wa nyumba yetu, upande unaotazama Mlima Meru. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa bado umeufunika mlima mpaka miguuni, tayari unasikia dadu zikigongana kikombeni. Nilimenya ndizi za kupika kiburu kwa sauti ile, nikafagia uwanja kwa sauti ile, nikafua sare kwa sauti ile, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa maji ya baridi. Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama, wengine wakisahau walikotumwa.

Sasa hiyo dadu kubwa. Kila mtu anajua dadu ina moja hadi sita. Ile ilikuwa na mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, na sitini na nne. Ubao mzima una nafasi ishirini na nne tu. Mtu atakwenda wapi hatua sitini na nne, Babati? Baba na Jirani walikaa na swali hilo siku mbili nzima, uzito wake kama kikao cha usharika. Siku ya tatu wakatoka na sheria. Dadu kubwa ni ya msaada. Mtu akiwa amezidiwa kabisa, kete zake zimeliwa, mwenzake yuko mbioni kumaliza, anapewa aitupe mara moja. Akipata sitini na nne, kete zake zote zinakwenda nyumbani moja kwa moja, mchezo unakuwa mpya. Baba aliitamka sheria hiyo kama katiba: aliyezidiwa ndiye anayerusha.

Hebu fikiria matokeo yake. Kila mmoja aliitaka dadu kubwa, na ili uipate lazima uwe umezidiwa. Basi wazee wawili wenye akili zao, mmoja mzee wa kanisa, walikaa mchana kutwa wakigombania nani anashindwa. Baba aliapa kwamba ameshaisha. Jirani aliapa kwamba yeye ndiye aliyeisha, tena tangu saa nne. Waliwaita wapita njia waamue. Sijawahi tena kuona wanaume wakipigania kushindwa kwa bidii namna ile. Na mchezo mmoja ulikuwa hauishi, kwa sababu kila ulipokaribia kuisha, sitini na nne ilikuwa ikitokea na kumfufua mtu. Mbuzi walirudi kutoka malishoni, chakula kikapoa, wao wako palepale.

Mama alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi jioni, mabega yakimuuma. Hakugombana sana. Alikuwa akipita mbele ya benchi, anaitazama dadu kubwa, anavuta pumzi, anaingia ndani. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, na kwa niaba yangu pia.

Muhula wa pili nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu. Mwalimu wetu, ambaye hakuwa na desturi ya kusifu, alisema mzazi wangu aje kwenye kikao cha Ijumaa, asikie mwenyewe mbele ya wazazi wengine. Mama alikuwa na siku ya soko. Baba aliahidi. Alitoa hata lile koti la kaki akalianika juani. Ijumaa ile nilikaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, nikitazama lango. Wazazi wakaja, wakakaa, wakasikia ya watoto wao, wakaondoka. Mwalimu alinipa karatasi yangu mkononi, akasema nimsalimie baba.

Nilirudi mbio. Koti bado lilikuwa kwenye kamba. Baba alikuwa ameinama juu ya ubao, Jirani akimshikia kikombe, watu sita wamesimama. Nikasema, "Baba, kikao kimeisha." Hakuinua kichwa. Alikuwa na desturi ya kuniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake, na siku hiyo aliniambia taratibu kabisa, "Ngoja kidogo mama, hapa nimezidiwa."

Jioni aliomba msamaha, akaisoma karatasi mara mbili kwa sauti. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshakata shauri.

Juu ya Sekei, penye mabaki ya shamba la kahawa, aliishi bibi mmoja wa Kigiriki aliyezaliwa hukuhuku, na Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha kabisa. Jumamosi nilikuwa nikimpelekea mayai ya kuku wa Mama. Barazani kwake kulikuwa na ubao kama wa Baba, umepauka kwa jua. Nilikuwa nimeuona siku zote bila kuuliza, nikiogopa nitapewa na mimi historia ya wafalme. Jumamosi hiyo niliuliza: ile dadu kubwa yenye namba za ajabu inarushwaje? Akacheka. Akasema kwao hata hawaitumii, ni kitu kilicholetwa juzijuzi na Wamarekani. Hairushwi. Inakaa pembeni. Anayeongoza anaigeuza kumwambia mwenzake mchezo sasa unahesabiwa mara mbili, na mwenzake ama akubali, ama aache palepale na kuhesabiwa ameshindwa. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamjibu kwamba baba yangu ni bingwa.

Nilisubiri Jumapili baada ya ibada, benchi likiwa limejaa. Nilijua ninachofanya. Baba alikuwa amezidiwa kweli siku hiyo, hata Jirani alikubali, na alikuwa ameshaiweka dadu kubwa kikombeni, anaitikisa. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani:

"Hiyo hairushwi, Baba. Inageuzwa na anayeongoza. Anayeshindwa anakubali au anaacha."

Mkono wake ulisimama. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wakacheka wengi. Miaka miwili bingwa wa Tanzania anarusha kisichorushwa. Baba aliniuliza nani kasema, nikamtaja bibi wa kule juu, ambaye kila mtu alimjua, na pakawa hapana ubishi. Alimimina dadu kubwa kiganjani, akaitazama pande zote sita kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kisha akaiweka pembeni ya ubao na kusema, "Basi tucheze inavyotakiwa."

Wakacheza inavyotakiwa. Nilidhani watakasirika, au wataendelea kunipuuza, nami nilikuwa tayari kwa yote mawili. Lakini wanaume wale waliwahi kuwa watu wa stoo na wa lori, watu wa kufuata utaratibu, na utaratibu ulipofika waliufuata. Kete zilipoanza kumwendea vizuri, Jirani aligeuza dadu kubwa kwa aibu kidogo. Baba alitazama ubao, akahesabu kwa macho, akasema, "Nimeacha." Wakapanga upya. Jirani akageuza. "Nimeacha." Mchezo uliokuwa ukichukua mchana mzima ukawa unaisha kabla chai haijamiminwa. Zamu ya Jirani kuzidiwa, naye akawa anaacha. Hakuna aliyegombania chochote. Watazamaji wakapungua, kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama.

Kabla ya Krismasi benchi lilikuwa tupu. Baba alilala mchana, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata siku za malaria. Habari za mabingwa zilikwisha kabisa. Unampelekea maji ya kunawa, ananawa. Nyumba ikawa kimya, nami nikaanza kumenya ndizi kwa kelele za makusudi.

Asubuhi moja Mama, yeye aliyelichukia sanduku lile tangu siku ya kwanza, alilitoa chini ya kitanda, akalifuta vumbi kwa khanga yake, akalipanga benchini mwenyewe, kete zote mahali pake. Dadu kubwa akaitia kikombeni. Baba alitoka, akaona, akakaa kidogo. Kisha akaitoa ile dadu, akaiweka pembeni inapotakiwa kukaa, akarudi ndani. Baadaye alipata kazi ya kulinda ghala, akaifanya mpaka alipostaafu. Alikuja kwenye vikao vyangu vyote vya shule vilivyofuata, na koti lake, na alikuwa akifika wa kwanza.

Baada ya kusoma makala ile nilikwenda Sekei. Nyumba yetu tumeipangisha, upande wa benchi kuna ukuta wa mtu mwenye ghorofa, na Meru haionekani tena mpaka utoke barabarani. Jirani bado yupo, macho yamepungua nguvu. Nilimwamkia, akaitika, nikamsomea orodha yote: wafalme, mashine, mabingwa wanaopigiana kura wenyewe kwa wenyewe kujua nani ni mkali. Alitikisa kichwa kwa yote. Nilipofika kwenye dadu kubwa, jinsi inavyogeuzwa, aliinua mkono nisimalizie.

"Hiyo uliisema," alisema. "Siku ile ungekwenda kuruka kamba, mwanangu."

Alisema kwa utani, na mimi nikacheka kama inavyopasa kumchekea mzee. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira ileile ya mtoto wa miaka kumi, ila sasa sikuwa na wa kumtupia. Kila nilichokisema siku ile kilikuwa kweli. Simu nayo inasema hivyohivyo, kipengele cha kumi na moja. Na hakuna mtu yeyote pale benchini aliyekuwa ameniuliza.