Bastola ya Baba Niliyoipiga Msasa

Bora niseme mwenyewe, maana kule kijijini kwetu Mtae wapo wanaoisimulia kwa kuongeza chumvi, eti nilifungwa pingu nikalia sokoni, na mimi sikulia (machozi yalitoka, ndiyo, lakini yalikuwa ya hasira, na hasira si kilio). Aibu ilikuwa yangu, hilo nimelikubali. Ila hasira bado ninayo mpaka leo, kwa hiyo sauti ikipanda mnivumilie.

Baba yetu alikuwa mlinzi kwa mlowezi mmoja tangu enzi za mkoloni, na yule mlowezi alipofungasha kuondoka baada ya Uhuru akamwachia bastola, zile za zamani zenye kigurudumu cha kubeba risasi sita, pamoja na karatasi ya kibali iliyoandikwa namba ya bastola yenyewe. Baba alipofariki ikabaki kwetu, mimi Elieza na dada yangu Naomi, tuko wawili tu. Polisi wa Lushoto wakahamishia kibali kwenye jina langu kwa sababu mimi ndiye mwanamume (Naomi aliguna siku ile, nikajifanya sijasikia), lakini sote tulijua ni mali ya wawili. Risasi zake zilikuwa hazipatikani tena, nguruwe wanakula mahindi yetu nayo imelala sandukuni, imevikwa kipande cha blanketi, ina kutu huku na huku.

Sasa, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mashamba ya mkonge yalipokuwa yameshataifishwa, kulikuwa na Mgiriki mmoja kule Mazinde, mtu wa makamo, amebaki bila shamba, akawa ananunua silaha za zamani kwa kibali na kuzipeleka Ulaya. Akasikia habari zetu akapanda mlima na gari lake mpaka Mtae. Akaitazama bastola, akaigeuza, akaisogeza machoni kama anasoma barua.

"Kiwanda ya hii imefungwa," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Hapana tengeneza tena. Watu kwetu natafuta sana, napigania."

Akataja bei. Bei ya mtamba wa maziwa! Naomi akanikanyaga mguu, maana yake kubali. Yeye alikuwa mjane, anashona sare za shule kwa sindano ya mkono mpaka vidole vimeota sugu, na kulikuwa na mama mmoja wa misheni aliyeahidi kumuuzia cherehani chake cha zamani. Mimi nikasema nitafikiri.

Mgiriki akarudi baada ya mavuno, bei imekuwa ya ng'ombe na ndama wake. Nikasema nitafikiri. Naomi akaniita pembeni, "Elieza, hiyo ni chuma tu, uza, yule mama wa misheni hatanisubiri mpaka kiama." Nikamjibu, "Dada, mambo ya biashara niachie mimi." (Nikiyakumbuka maneno hayo natamani nijipige kofi.) Mara ya tatu bei ilikuwa ya ng'ombe, ndama na cherehani juu yake, na hapo ndipo nikakubali, tukapanga tukutane kituo cha polisi Lushoto siku ya gulio, kwa sababu silaha haihami mikono ila mbele ya polisi. Mgiriki akaingia garini, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe leta vile vile iko. Sikia? Vile vile iko."

Nilisikia. Masikio yangu hayana tatizo, tatizo liko katikati ya masikio.

Kwanza nilikwenda kujitapa. Kwenye mkutano wa kijiji walikuwa wanajadili zahanati, kuta zimesimama lakini hakuna mabati, nami nikainuka, hakuna aliyenituma, nikatangaza kwamba mabati ya zahanati yatatoka kwangu. Watu wakapiga makofi! Mwenyekiti akanishika mkono! Naomi alikuwa amekaa upande wa akina mama, akainama akatazama chini, maana fungu lake nilikuwa nimeshaligawa kwa wanakijiji bila kumuuliza.

Halafu nikaenda kwa Fundi Idi, mtengeneza karabai na redio, rafiki yangu tangu utotoni, nikamwonyesha bastola ili naye aone bahati yangu. Akaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Mgosi," akasema, maana ndivyo wanaume wa Usambara tunavyoitana, "hiki ndicho unampelekea mzungu? Hata mbuzi wa kuuza huogeshwa kwanza."

"Amesema niipeleke kama ilivyo."

"Akikuta inang'aa atakataa? Wewe ulishaona mtu anakataa kitu kwa sababu kinang'aa?"

Mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikaona ana hoja. Tukakaa pale barazani kwake mchana kutwa tunapiga msasa, kwanza ule mkali halafu ule laini, kutu ikaondoka, na yale maandishi madogo madogo ya kiwandani kwenye mtutu nayo yakaondoka, na vile vinamba vilivyochongwa chini ya mpini navyo vikaondoka (mimi mwenyewe ndiye niliyevisugua, kwa bidii, nikiviona ni uchafu). Kisha Idi akatoa rangi nyeusi iliyobaki walipopaka lori la ushirika, akaipaka mara mbili, mpini akaupiga vanishi. Ilipendeza mno! Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Usambara.

Siku ya gulio nikavaa suti ya kuazima, pana kidogo kiunoni, nikaikaza kwa mkanda. Nikaifunga bastola kwenye kanga ya Naomi, tukapanda lori la kabichi, mimi na Naomi na mwenyekiti na wazee wanne waliokuja kushuhudia mabati yao. Njia ndefu ile, mashimo matupu, nami ninawaeleza bei za bastola Ulaya kama vile nimezaliwa huko.

Mgiriki alikuwa amekaa kwenye baraza ya kituo, shati jeupe, na Koplo wa silaha yupo mezani na daftari lake. Tukasalimiana vizuri, shikamoo kwa wakubwa, marahaba, nikatoa furushi. Kanga ikagoma. Kumbe rangi ilikuwa haijakauka vizuri, na joto la lori lile! Nikavuta, ikaachia kwa sauti kama ngozi inachunwa, maua ya kanga yamebaki kwenye bastola.

Mgiriki aliipokea. Akajaribu kuzungusha kigurudumu, hakizunguki, rangi imekigandisha. Akaugeuza mtutu kutafuta maandishi. Akaugeuza mpini. Vidole vyake vikawa vyeusi, akajishika kifuani, shati nalo likachafuka.

"Nani fanya hii?" akauliza, taratibu kabisa, na upole wake ndio uliniudhi.

"Nimeisafisha, Bwana. Sasa ni mpya."

"Mpya!" Hapo akafoka. "Nikitaka mpya mimi nanunua mpya! Watu nanunua ule uzee, ule maandishi! Mimi ambia wewe vile vile iko!"

Nami nikafoka. Nikamwambia yeye ni tapeli, anatafuta sababu ya kushusha bei, kwao wanatupunja karafuu na mkonge sasa wanataka kutupunja na bastola (hapo wazee walitikisa vichwa kuniunga mkono, nikapata nguvu), na kama haitaki aiache, wanunuzi wapo. Nilipiga meza ya Koplo. Nasema niliipiga meza ya polisi kwa kiganja changu mwenyewe.

Koplo akainua macho. "Hebu lete niandike namba, ugomvi baadaye." Akaipindua bastola, akaikwangua rangi kwa ukucha, akaichukua karatasi ya kibali, akaitazama tena bastola. "Namba iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole pale chini ya mpini ilipokuwa zamani.

"Nauliza namba iko wapi? Mtu anayefuta namba ya silaha anajua kwa nini anafuta. Vua viatu. Vua mkanda."

Mkanda, jamani! Nikavua, na ile suruali ya kuazima ikaanza safari. Nikakalishwa barazani, mkono mmoja umeshika suruali, na gulio lote la Lushoto linapita mbele yangu na vikapu vya peasi na viazi, na kila anayepita anauliza, na kila aliyeuliza anajibiwa jipya, mara nimeiba benki, mara nimemtishia mzungu kwa bastola. Binti mmoja mdogo alinionea huruma akanipa peasi. Nikainuka kuipokea kwa adabu, kwa mikono miwili. Sitaeleza zaidi.

Mwenyekiti alinitetea mpaka alasiri, akaapa kwamba mimi si jambazi bali ni mjinga, na mkuu wa kituo akaukubali ushahidi huo haraka kuliko nilivyopenda. Nikaachiwa kwa onyo. Bastola ikataifishwa ikavunjwevunjwe, Mgiriki akaondoka bila kuaga, na wiki ile ile yule mama wa misheni akauza cherehani kwa mtu mwingine.

Nilimkasirikia Idi, tukakaa mwaka bila kusalimiana. Nilimkasirikia Mgiriki, Koplo, na mwenye suti. Lakini kilichonimaliza ni mkutano wa kijiji uliofuata, mvua ikinyesha kwenye zahanati isiyo na paa, watu wanapiga kelele, "Mabati, Elieza! Mabati yako wapi?" na wanacheka, nami nimekunja ngumi niko tayari kupigana na yeyote. Naomi akasimama. Hakuwa na desturi ya kusema mikutanoni.

"Mwacheni," akasema. "Mali ilikuwa yangu na yake. Kama kuna wa kumdai ni mimi, nanyi hamjanisikia nikimdai."

Kesho yake nikapita kwake, nikasimama mlangoni. "Shikamoo, dada." "Marahaba," akajibu, akavuta sare nyingine ya mtoto, akatunga uzi kwenye sindano yake ya mkono. Hakuongeza neno, na mimi nilikuwa nimetembea njia nzima nikijiandaa kwa matusi.

Laiti angenitukana! Tangu siku ile nimeapa, kitu cha watu wawili sikiamulii peke yangu, hata kiwe kuku, na hasira hii ninayowasimulia nayo nimeshajua ni ya kumkasirikia nani.